Naomba ushauri: mazari (mti wa jamii ya mitende) utastahimili baridi ya Dallas?

BintiPwani: Habari zenu ndugu. Naishi Dallas, Texas. Februari 2021 baridi ilifika nyuzi -19 na mitende yangu miwili ya mapambo, aina ya washingtonia, ikafa yote. Moyo ulioza, nikavuta jani la katikati likatoka mkononi. Sasa muuza miche ananishauri nipande mazari. Nimeuona: majani matano kama viganja vilivyokunjuliwa, rangi ya kijivu-bluu, na kule yanakochomoza kuna manyoya ya rangi ya kutu. Nimeupenda, ila bei ni kubwa na nasikia ukitoa maua unakufa. Nifanyeje?

Babu_Maskati: Binti yangu, mti huo huku Oman tunauita ghadaf. Unaota kwenye mabonde ya milimani, na kwao hasa ni Iran, Afghanistan na Pakistan, kwenye joto kali la kiangazi na theluji wakati wa baridi. Marehemu mama alikuwa msusi wa ukili wa miyaa Unguja. Alipofika huku akashika ghadaf, akasema ni ndugu wa mwaa, ila mgumu, sharti uroweke kwanza. Mikeka yake bado tunaikalia.

Kaka_ElPaso: Dada, pole sana. Hilo la kufa ni kweli nusu. Shina lililochanua ndilo hufa baada ya kuzaa, lakini mazari huota kichaka, mashina mengi pamoja, mengine yakitambaa chini ya udongo. Likifa moja, mengine yanaendelea. Hata baridi ikiunguza majani yote, mara nyingi huchipua tena kutoka chini.

Mimi ningeogopa maji kuliko baridi. Mti huu ukiwa mkavu unavumilia baridi kali mno. Ukisimama kwenye tope la Januari unaoza hata kwa baridi ndogo. Udongo wenu mweusi wa mfinyanzi unashika maji kama sufuria. Inua tuta hadi magotini, changanya kokoto nyingi, panda Aprili au Mei ili mizizi ishike kabla ya baridi. Kiangazi mwagilia vizuri, maana joto ndilo linaloukuza. Kuanzia Novemba acha kabisa.

BintiPwani: Shikamoo babu, na asante kaka. Je, nitapata kivuli?

Kaka_ElPaso: Hapana, usinunue kwa ajili ya kivuli. Unakua polepole sana, na kwa miaka mingi utakuwa na kichaka kisichokupita kimo.

Babu_Maskati: Marahaba binti. Kabla hujalipa, chimba shimo la futi mbili hapo unapotaka kupanda, ulijaze maji jioni. Asubuhi ukikuta bado yamo, tafuta mahali pengine, karibu na ukuta unaopata jua la kusini.

BintiPwani: Nachimba Jumamosi, nitawaletea majibu.