Tupeane uzoefu: mbwa kaugua ghafla, unajuaje anaumwa nini? (Tabora na Kigoma)

Ipuli:
Wakuu, jana mbwa kabweka usiku kucha, leo kajilaza chini ya mwembe na hata maji hataki. Wengi hukimbilia duka la pembejeo, wanauziwa sindano ya ng'ombe, wanachoma, wanasubiri. Mwenye uzoefu wa kutafuta chanzo kwanza atupe hatua kwa hatua. Pole tumeshapewa za kutosha.

Darubini:
Damu kabla ya dawa. Ukishachoma, vijidudu hupungua kwenye damu, maabara wanaandika "hakuna kilichoonekana", nawe unaondoka ukiamini si ugonjwa wa kupe.

Chukua ncha ya sikio. Nyoa, pangusa kwa spiriti, acha ikauke kabisa, maana spiriti mbichi hupasua chembe za damu. Choma kwa sindano mpya, futa tone la kwanza, la pili liweke karibu na mwisho wa kioo cha hadubini. Inamisha kioo kingine nyuzi 30 hadi 45, kiguse tone, usukume mara moja bila kusita. Tone likiwa kubwa utando unakuwa mnene na hausomeki. Pepea ukauke, kisha funika: nzi wanakula utando wa damu na kukuachia mashimo. Ya sikioni naipendelea kwa sababu chembe zenye babesia (vijidudu vya damu vinavyoletwa na kupe) hujazana kwenye mishipa midogo. Damu ya mguuni inaweza kuzikosa.

Mililita 2 nyingine zitiwe kwenye chupa ya kizibo cha zambarau. Igeuze taratibu mara 8 hadi 10, usiitikise. Iwekwe kwenye ubaridi, ila isigeuke barafu. Tabora kuna kituo cha Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania. Mlioko Kigoma muulizeni daktari wa mifugo wa halmashauri sampuli isafirishwe vipi kabla hajatoa damu.

Mwanga Sokoni:
Naongezea vya nyumbani. Joto la mbwa mwenye afya ni nyuzi 38.3 hadi 39.2, kwa hiyo 38.8 si homa, hata kama kwa mtu ingekuwa. Paka vaselini, ingiza kipimajoto njia ya haja kubwa sentimita 2 au 3, kiegemee ukuta wa ndani. Kikichoma kinyesi kitasoma chini. Kama katoka juani, mpumzishe nusu saa kivulini upime tena.

Fizi: bonyeza, achia, rangi irudi ndani ya sekunde 2. Mwenye fizi nyeusi za asili, fungua kope la chini. Weupe ni upungufu wa damu, kwa mtoto wa mbwa hata minyoo inatosha kuuleta. Mkojo ukinge kwenye kifuniko cheupe. Ukiwa rangi ya kahawa, macho ya njano na kupe masikioni, babesia ndiyo ya kushukiwa kwanza. Ila homa ya mkojo wa panya nayo huleta njano na humpata binadamu, kwa hiyo vaa glovu. Damu kutoka puani, fikiria ehrlichia, vijidudu vingine vya kupe. Hiyo kwenye utando huonekana kwa nadra, isifutwe kwa kioo kimoja tu. Mtoto wa mbwa asiyechanjwa, anatapika na kuhara damu yenye harufu kali: parvo (ugonjwa wa virusi), na hapo kinachopimwa ni kinyesi.

Urambo Tumbaku:
Huku kwetu kuna mawili zaidi. La kwanza mbung'o. Jicho likiwa na ukungu wa bluu, uso umevimba, homa inakuja na kuondoka, omba tone bichi la damu liangaliwe papo hapo chini ya kioo chembamba. Trypanosoma, vijidudu vinavyoletwa na mbung'o, utawaona wakizisukuma chembe. Damu ikikaa, wanakufa na hakuna kinachotikisika.

La pili sumu ya dawa za shambani. Mate yanachuruzika, mboni zimekuwa kitone, anatetemeka, anahara. Mtetemeko hupandisha joto, ndipo watu wanadhani ni homa. Beba chupa au lebo ya dawa umpeleke kwa daktari. Usimtapishe, na usimnyweshe maziwa wala mafuta, yataingia mapafuni.

Ipuli:
Na ile sindano ya ng'ombe, kwa kukadiria kwa macho?

Darubini:
Hapana mkuu. Diminazene, ndiyo dawa ya hiyo sindano, kwa mbwa ni miligramu 3.5 kwa kilo, mara moja. Ukichanganya pakiti yenye gramu 1.05 kwenye mililita 15 za maji, mbwa wa kilo 15 anastahili mililita 0.75 tu. Watu wanampa 3. Baada ya siku moja hadi tatu anapepesuka na kuanguka, wanasema ugonjwa umepanda kichwani, kumbe ni dawa. Panda naye mzani wa mahindi, toa uzito wako, na namba hiyo mpe daktari, kipimo aamue yeye.

Mwanga Sokoni:
Moja lisisahaulike. Taya limelegea, sauti imebadilika, anashindwa kumeza: usiingize mkono ukitafuta mfupa. Kichaa cha mbwa hakithibitishwi kwa damu, hupimwa ubongo akishakufa. Aliyeng'atwa au kuguswa na mate kwenye kidonda aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, aende hospitali siku hiyo hiyo. Kichwa cha mbwa akikate mtaalamu aliyechanjwa, kisafiri kwenye barafu ndani ya mifuko miwili.