Naomba ushauri: nionyeshe The Purge ya kwanza au niende moja kwa moja ya pili?

Msimuliaji wa Dom
Habari zenu wakuu. Chuoni tuna kikundi cha kuangalia filamu na kuzijadili, na mwezi ujao zamu ya kuchagua ni yangu. Naipenda The Purge ya 2013, ya James DeMonaco. Marekani ya 2022, ajira tele, na usiku mmoja kwa mwaka uhalifu wote unaruhusiwa kwa saa 12, mauaji yakiwemo. Familia imejifungia ndani, mtoto wa kiume anamfungulia mtu anayewindwa, wawindaji wanamfuata hadi mlangoni.

Wasiwasi wangu ni wahakiki. Wengi waliiponda: wazo kubwa, wakasema, limefungiwa ndani ya nyumba moja likaishia kukimbizana gizani. Hata watazamaji waliohojiwa na kampuni ya CinemaScore walipotoka ukumbini waliipa alama ya C. Je, nianze na ya pili, Anarchy ya 2014?

Mama Tatu
Anarchy, mdogo wangu. Kule tunatoka mitaani Los Angeles na kuona nani hasa anakufa. Kuna mzee mgonjwa anajiuza kwa matajiri wamuue nyumbani kwao, ili binti yake na mjukuu wapate pesa. Ya kwanza mambo hayo inayagusia kwenye televisheni tu.

kibandani
Mama Tatu, hapo napingana na wewe. (Ambao hamjaiona, ruka hapa.) Baba mwenye nyumba, Ethan Hawke, kazi yake ni kuuza mitambo ya ulinzi. Majirani wote wamenunua kwake, na kwa faida hiyo kaongeza nyumba yake. Mwishoni ni majirani haohao wanaoingia kuwaua, kwa wivu. Basi nyumba ndiyo wazo lenyewe! Hii inaniuma kwa sababu wahakiki wengi waliipita wakakazana na zile purukushani. Katikati panalegea, sikatai: kila mtu akikaribia kuuawa, risasi inatoka nyuma na kumwokoa. Lakini kwa bajeti ya dola milioni 3 hivi ungetaka wajaze mji mzima? Na iliingiza karibu milioni 89.

Bi Salha
Onyesha ya kwanza, ni dakika 85 tu, muda wa kujadili utabaki. Isimamishe pale wawindaji wanapodai wakabidhiwe yule mtu la sivyo wataua wote, na baba anaanza kumsaka ndani ya nyumba yake. Waulize wenzako wangefanyaje. Halafu waulize kwa nini mtu huyo, mweusi aliyekimbilia mtaa ule wa matajiri, hana hata jina. Jina analipata filamu ya tatu, 2016.

Msimuliaji wa Dom
Asanteni sana. Nakwenda na ya kwanza, na kipande cha yule mzee nitakionyesha baada ya mjadala. Bi Salha, taa niwashe wakati nimesimamisha, au tujadili gizani?

Bi Salha
Washa. Watu waonane nyuso wanapojibu.