Mwajiri akifilisika, nani aanze kulipwa: mfanyakazi au benki?

Mleta mada
Wakuu, tujadili hili bila jazba. Kampuni imekufa, wafanyakazi wanadai mishahara ya miezi minne, na benki ina rehani ya jengo, mashine, hadi malighafi iliyoko stoo. Nani aanze?

Sheria nyingi zinasema mishahara ina kipaumbele, watu wanasikia hivyo wanatulia. Wasichoambiwa ni kwamba mara nyingi kipaumbele hicho ni dhidi ya wadai wasio na dhamana tu. Mwenye rehani hapangi foleni na mtu, anabeba alichowekewa. Pigeni hesabu: mali zimeuzwa milioni 100. Benki inadai 92. Mfilisi (anayesimamia kuuza mali na kugawa fedha), mawakili na dalali wanakula 6. Zimebaki 2, na mishahara inayodaiwa ni 20. Mtu anaondoka na sehemu moja ya kumi ya jasho lake, na hakuna kifungu kilichovunjwa!

Hata Mkataba Na. 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1949, unataka mishahara ilipwe yote kabla ya wadai wa kawaida, lakini nafasi yake mbele ya madeni mengine yenye upendeleo unaiachia kila nchi.

Msimamo wangu: mishahara ya miezi mitatu ya mwisho ilipwe kabla ya yeyote, benki ikiwemo. Naomba kuwasilisha.

Mkopeshaji
Mkuu, hoja yako inagusa moyo ila itawaumiza haohao. Mimi kazi yangu ni mikopo ya biashara. Sheria hiyo ikipita, swali la kwanza kwa mteja litakuwa "umeajiri wangapi?" Kiwanda cha nguo chenye mafundi mia mbili kitanyimwa, ghala lenye walinzi watatu litapewa. Riba ninayotoza ni ndogo kwa sababu ya ile hati iliyo kabatini kwangu. Ukiipunguzia nguvu, riba inapanda.

Tazama Ujerumani. Sheria yao ya ufilisi iliyoanza 1999 ilifuta upendeleo wa malimbikizo ya mishahara, na wafanyakazi hawakutupwa: wanalipwa miezi mitatu na mfuko unaochangiwa na waajiri. Anzisheni mfuko, rehani yangu iacheni.

Mleta mada
Ndugu, wewe ulikopesha ukiwa umekagua hesabu, ukachukua hati, ukaweka riba. Mfanyakazi naye anakopesha, maana anafanya kazi mwezi mzima ndipo alipwe. Mkopo wake hauna riba wala hati, na hawezi kuutawanya kwa waajiri ishirini kama wewe unavyotawanya wateja.

Mfuko nauunga mkono, ila hauondoi swali la foleni. Ufaransa wanavyo vyote viwili: mishahara ya siku 60 za mwisho inawatangulia hata wenye rehani, na mfuko ulioanzishwa 1973 unamlipa mfanyakazi haraka, kisha unasimama mahali pake kudai. Mfuko ukisimama mkiani utarudisha nini? Utakauka, au waajiri waaminifu watabebeshwa mzigo wa wajanja.

Msambazaji
Na sisi je? Nauza vifungashio kwa mkopo, sina rehani, na nina vibarua wananisubiri. Mkiipokonya benki fedha hizo za mishahara, benki haitoweki. Inashuka huku chini na deni lake lililobaki kugombania makombo nasi.

Mleta mada
Makombo yapi, mkuu? Kwenye hesabu ile wewe ulishapata sifuri.

Mhasibu
Mnagombana juu ya foleni bila kuuliza nani anaruhusiwa kusimama humo. Mkurugenzi mwenye hisa aliyejipandishia mshahara miezi miwili kabla ya kuanguka, naye ni "mfanyakazi"? Brazil, kwa sheria ya 2005, waliweka ukomo: kima cha chini cha mshahara mara 150 kwa mtu, kinachozidi kinaenda kwa wadai wa kawaida. Ila ukomo nao unataka kuhuishwa. Uingereza upendeleo ni wa miezi minne usiozidi pauni 800, kiwango ambacho hakijaguswa tangu 1986. Hiyo ni dhihaka.

Halafu ushahidi. Mfilisi anabadilisha kufuli siku ya kwanza, na daftari la mahudhurio liko humo ndani. Mwenye hati ya mshahara anajaza fomu ya madai. Kibarua aliyekuwa akilipwa mkononi kila Jumamosi ataonyesha nini? Kwa maoni yangu, kumbukumbu za mwajiri zisipokuwepo, neno la mfanyakazi lichukuliwe kuwa kweli mpaka mfilisi alipinge kwa ushahidi.

Mkopeshaji
Miezi mitatu yenye ukomo, wakurugenzi wakiwa nje, naweza kuishi nayo kwa shingo upande. Lakini nitadai kuonyeshwa malipo ya mishahara kila mwezi, na ukipita mmoja bila kulipwa, nasimamisha mkopo.

Mleta mada
Hapo ndipo nilipotaka tufike! Leo mwajiri anakopa miezi minne kwa watumishi wake ili asichelewe marejesho yako, nawe huna sababu ya kuuliza.

Msambazaji
Na kampuni iliyokwama mwezi mmoja tu kwa sababu mteja wake mkubwa kachelewa kulipa? Mkopo ukisimamishwa hapo, mmeiua ingali hai, na ajira zote zimekwenda. Nijibuni hilo kwanza.