Naomba ushauri: huyu wa kiti cha nyuma cha ndege ya vita tumwiteje kwa Kiswahili?

Ndugu wanachama, habari zenu. Naandika makala ya jarida la wanafunzi kuhusu Clayton Knight, rubani Mmarekani aliyeangushwa na Wajerumani Oktoba 1918 akirusha DH.9, ndege ya vita ya Waingereza yenye viti viwili. Alitekwa, akapona, kisha akaishi kwa kuchora ndege na kuandika habari za ndege. Maisha haya yananigusa sana.

Nimekwama kwa mwenzake wa kiti cha nyuma, yule wa kushika bunduki na kuchunguza ardhi. "Mtazamaji" ni wa televisheni, "mpelelezi" ni wa polisi. Kamusi mbili hazikunisaidia.

Je, "mwangalizi" litaeleweka kwa vijana wa sekondari? Na nianze na siku ya kuangushwa, au na michoro yake?