Mfumo wa mikopo ya simu haukuniuliza jinsia yangu wala kazi yangu, lakini umenihukumu kwa vyote viwili: mwenye mfumo ajitokeze

Wanajamvi, salaam.

Naandika kutoka Kibirizi, Kigoma, katika siku hizi za mbalamwezi ambapo mitumbwi imepumzika mchangani na sisi wanunuzi tumekaa tukihesabu vidole. Kazi yangu ni dagaa. Kwa miaka kumi na mmoja nimenunua dagaa wabichi mwaloni, yaani ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki, nikawaanika, nikawafunga kwenye magunia na kuwasafirisha Tabora na Dar es Salaam kwa treni au kwa basi, kutegemea ni kipi kimewahi. Januari 21, 2025, giza (ndivyo tunavyoziita siku zisizo na mbalamwezi, ambazo ndizo za kuvua) likiwa ndiyo kwanza linaanza, niliomba mkopo wa shilingi 800,000 kwa njia ya simu kutoka taasisi moja ya fedha ambayo sitaitaja jina. Jibu lilirudi kabla sijaiweka simu chini: "Ndugu mteja, hujakidhi vigezo vya kiwango ulichoomba. Kiwango chako ni TSh 35,000."

Fedha hiyo hailipi hata vibarua wangu wa kuanika kwa siku moja.

Jioni hiyohiyo alikuwapo nyumbani mdogo wangu wa kiume, ambaye ameajiriwa dukani mjini na mshahara wake huingia kwenye simu kila tarehe 28. Hajawahi kukopa popote katika maisha yake. Kwa utani tu akaomba kwenye huduma ileile, na tukaziweka simu mbili juu ya gunia lililojaa dagaa, yake na yangu. Yake ikamkubalia shilingi 450,000. Mimi nimekopa huko mara tano na kulipa mara tano, na kila ninachokiingiza katika kipindi kimoja cha giza kinazidi mshahara wake wa miezi miwili. Alicheka kwanza, kisha akaona uso wangu, akasema, "Dada, labda simu yako ndiyo mbovu." Simu si mbovu.

Kesho yake nilipiga huduma kwa wateja. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu zote, na sina ugomvi naye. Aliniambia, "Mama, mfumo ndio uliokataa, sisi hapa hatuna la kufanya." Nikamuuliza, mwanangu, huo mfumo ni wa nani? Akanyamaza kidogo, kisha akasema alama za wateja, yaani namba za kupima nani anakopesheka, hukokotolewa na kampuni nyingine na wao huzipokea tu. Nilipouliza alama zangu ni ngapi na zimepungua kwa sababu gani, nikaambiwa vigezo ni siri ya kibiashara. Kwa hiyo anayenikataa hajui sababu, anayeijua sababu hanijui mimi, na katikati yao limesimama neno "mfumo" ambalo halina ofisi, halina saini wala halina mtu wa kuitwa shaurini.

Basi nikafanya kazi ambayo wao walipaswa kuifanya. Nilichapisha taarifa ya miamala yangu ya Januari hadi Desemba 2024, nikakaa nayo mezani na kalamu nyekundu, nikapigia mstari kila siku ambayo hakuna fedha iliyoingia. Mistari ile haikuwa ya ovyo. Ilikuja kwa mafungu ya siku saba, nane, hata kumi, kisha ikatoweka kwa wiki mbili au zaidi, kisha ikarudi tena, mwezi baada ya mwezi, kama vile mtu ameichora kwa rula. Mtoto yeyote wa Ujiji au Katonga angeitazama karatasi ile na kukuambia kinachoonekana pale: ni mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa usiku kwa kuwavuta na mwanga wa taa, na mbalamwezi inapokuwa kali taa hazina nguvu ya kuwakusanya, kwa hiyo wavuvi hupumzika na sisi tunapumzika nao. Hilo halijaanza jana, na halina uhusiano wowote na uaminifu wa mtu.

Sasa fikirini mfumo uliofundishwa kwa kumbukumbu za watu wanaolipwa mishahara, ambao kwao fedha huingia tarehe ileile kila mwezi. Mfumo huo ukiiona karatasi yangu utasoma nini? Utasoma mteja ambaye kipato chake hukatika ghafla kila baada ya wiki chache. Haujui dagaa ni nini wala haukuwahi kuambiwa kwamba mwezi upo. Mkopo wenyewe ni wa siku 30, na mzunguko wa mwezi ni siku 29 na nusu hivi, ambayo maana yake ni kwamba mtu akikopa giza linapoanza ili aingie mwaloni na mtaji, deni humwangukia giza jingine linapoanza, yaani akiwa anatoka katika siku za ukame kabisa, mzigo wake ukiwa bado unauzwa Dar es Salaam kwa mali kauli. Mara moja kati ya zile tano nilichelewa siku mbili kwa sababu hiyo. Wangeusogeza mkopo ukawa wa siku 40 tu, nisingechelewa hata saa moja. Lakini aliyepanga siku 30 aliwaza mshahara, na kasoro ya mpango wake ikaandikwa kwenye jina langu.

Kuna na jambo la ziwa kufungwa. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, yaani Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Tulitii. Karatasi yangu katika miezi hiyo mitatu ni nyekundu karibu yote, isipokuwa fedha kidogo za mauzo ya akiba ya ghalani. Mtu aliyetii serikali na mtu aliyefilisika wanafanana kabisa katika taarifa ya miamala, na sijaona mahali popote ambapo mteja anaweza kueleza tofauti hiyo. Bado sijataja kwamba wateja wangu wanaovuka ziwa hunilipa fedha taslimu mkononi, kwa hiyo simu haioni hata nusu ya biashara yangu.

Kuhusu jinsia, nitaeleza kwa uangalifu kwa sababu najua kuna watakaosema tunapenda kulalamika. Laini yangu ya kwanza ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mume wangu, kama zilivyosajiliwa za wanawake wengi wa rika langu hapa mtaani, na nilifanyia nayo biashara kwa miaka. Ulipokuja usajili wa alama za vidole, ambao mwisho wake ulikuwa Januari 20, 2020, namba yangu ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha Taifa, haikuwa imetoka, ikabidi laini ibaki kwa jina lake. Nilipopata namba nikachukua laini mpya kwa jina langu. Miaka yangu yote ya miamala ikabaki kwa baba watoto, ambaye ni fundi seremala na hajui hata bei ya gunia la dagaa. Hakuna kisanduku kilichoandikwa "mwanamke" katika fomu ya mkopo. Kipo kisanduku cha umri wa laini, na kwa watu kama sisi ni kilekile.

Siwezi kuapa kwamba hayo ndiyo yaliyoniangusha, kwa kuwa hakuna aliyeniambia, na kisa cha mtu mmoja na mdogo wake si ushahidi wa mambo yote. Ila mimi ni katibu wa kikundi chetu cha VICOBA, yaani cha kuweka na kukopeshana, na wanakikundi wenzangu waliojaribu wana hadithi zinazofanana na yangu mno.

Najua jibu litakalokuja kwanza hapa, kwamba mashine haina shangazi wala mjomba, haipokei rushwa, kwa hiyo haiwezi kupendelea. Mashine hujifunza kwa daftari la mikopo ya zamani, na daftari hilo lilijazwa na watu. Walioandikwa humo ni wale waliokuwa wakipewa: wenye ajira, wenye hati za viwanja, wakazi wa miji mikubwa. Aliyekataliwa hakuandikwa popote kwamba angelipa, maana hakupewa nafasi ya kulipa, na mfumo ukikosea kwa kumkopesha mtu asiyelipa hasara huonekana, lakini ukikosea kwa kumnyima mtu ambaye angelipa hakuna senti inayopotea kwenye vitabu vyao na kosa halionekani kamwe. Ni kama mvuvi asiyewahi kutupa wavu upande wa Katonga, halafu akaapa kwamba Katonga hakuna samaki.

Wala msiniambie kwamba haki ni hesabu tupu. Mwaka 2016 watafiti walionyesha kihesabu kwamba makundi mawili yanapotofautiana katika kiwango cha ulipaji, vipimo kadhaa vya haki, ambavyo kila kimoja ukikisikia peke yake utakiona cha busara, haviwezi kutimia vyote kwa pamoja. Kuna mtu, basi, aliyekaa mahali akachagua kipimo kipi kitimie na nani aumie. Mtu huyo ndiye ninayemtafuta, na kila ninapobisha hodi natolewa nje na "mfumo".

Tafadhali msiupeleke uzi huu kwenye programu za matapeli. Zile 69 ambazo Benki Kuu ilizitangaza Novemba 2024 kuwa zinakopesha bila kibali ni tatizo jingine, na tumewaona waliodhalilishwa nazo kwa ujumbe uliotumwa kwa wakwe na wachungaji wao. Aliyeninyima mimi ana leseni na ofisi yenye kiyoyozi. Ila mambo hayo mawili yameshikana mikono kwa namna hii: mwenye leseni akikupa 35,000, aliyebaki ni wa kausha damu, mkopeshaji wa mtaani mwenye riba ya kunyonya, naye haulizi alama.

Kwa wenzetu, mambo haya si salama pia, lakini angalau kuna mahali pa kushika. Marekani ina sheria ya mwaka 1974 inayokataza ubaguzi katika kukopesha, na mkopeshaji anayekataa ombi analazimika kumweleza mwombaji sababu mahususi, hata kama aliyekokotoa ni kompyuta. Novemba 2019 mhandisi wa programu David Heinemeier Hansson alilalamika hadharani kwamba Apple Card, kadi ya mkopo ya kampuni ya Apple, ilimpa yeye kikomo cha kukopa mara 20 ya kile cha mke wake. Mamlaka ya fedha ya New York ikachunguza takwimu za waombaji karibu 400,000, na Machi 2021 ikasema haikukuta ubaguzi unaovunja sheria, ingawa iligusia udhaifu katika uwazi na huduma kwa wateja. Mimi ningeyapokea majibu ya namna hiyo kwa mikono miwili. Ningeshindwa, lakini ningeshindwa baada ya daftari kufunguliwa. Na kuhusu kile kisingizio cha "alama zinatoka kwa kampuni nyingine", Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikigusa Desemba 7, 2023 katika shauri la SCHUFA, kampuni ya Ujerumani inayotoa alama za wakopaji: ilisema kwamba utoaji wa alama wenyewe ni uamuzi wa mashine pale anayezipokea anapoziegemea kwa kiasi kikubwa. Hakuna kurushiana mpira.

Sisi nasi hatuko mikono mitupu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inagusa jambo hilihili: pamoja na masharti na vighairi vyake, inampa mtu haki ya kumtaka kwa maandishi mkusanyaji wa taarifa zake ahakikishe kwamba uamuzi unaomwathiri kwa uzito hauachiwi mashine peke yake. Ipo na Tume ya kuisimamia. Februari 10, siku ya Jumatatu, niliandika barua kwa mkono, kurasa mbili, nikaambatisha karatasi yangu yenye mistari myekundu pamoja na kalenda ya mwezi niliyoichora mwenyewe pembeni, nikaipeleka tawini mjini. Niliuliza mambo matatu tu: ni taarifa zangu zipi zilitumika, ipi ilinipunguzia alama, na nani, kwa cheo chake, anaweza kuupitia uamuzi ule upya. Binti wa mapokezi aliigeuza barua mara mbili akitafuta mahali pa kuipeleka, akasema barua za mikopo ya simu hawajawahi kuzipokea, na baada ya kumsihi akaipiga muhuri nakala yangu. Leo ni wiki ya tano. Kimya.

Naomba yafuatayo kwa mwenye uzoefu. Kama kuna aliyewahi kupewa sababu ya maandishi ya kunyimwa mkopo wa simu hapa Tanzania, aweke maneno yake hapa baada ya kufuta jina na namba. Kama kuna mwanasheria aliyepeleka lalamiko la namna hii kwenye Tume, atueleze alianzia wapi na alitakiwa kuwa na vielelezo gani. Na kama kuna anayefanya kazi ya kukokotoa hizo alama, nakuomba kwa heshima, ndugu yangu, ujibu hata kwa jina la bandia: mlipoutengeneza mfumo wenu, kuna mtu yeyote mezani aliyewahi kuishi kando ya ziwa?

Giza linaanza mwishoni mwa wiki hii. Nitaingia mwaloni na fungu langu la kikundi, ambalo linatosha theluthi moja ya mzigo, na siku jibu la barua likifika nitalibandika hapa kama lilivyo.