Naomba ushauri: faili kubwa kuliko disketi kwenye MS-DOS 3.3 (mfumo endeshi wa zamani wa kompyuta)
Wakuu, nahamisha saraka ya KAZI kwenda kwenye disketi za KB 720. Naanza na ATTRIB +A C:\KAZI\*.* /S (hutia kila faili alama ya A, yaani bado haijanakiliwa), kisha XCOPY C:\KAZI A:\KAZI /S /M (hunakili zenye alama hiyo kwenda A:, yaani disketi); ikiuliza F (faili) au D (saraka), nabonyeza D. Disketi ikijaa natia nyingine na kurudia amri ileile. /M huondoa alama ya A kwa kila faili iliyonakiliwa, kwa hiyo hairudii. (Msirundike faili kwenye A:\ yenyewe: saraka kuu hubeba majina 112 tu, disketi itagoma na nafasi bado ipo.)

Kinachokwamisha ni faili moja ya KB 900. XCOPY haikati faili. Amri ya BACKUP hukata, ila RESTORE (amri ya kurudisha faili hizo) ya toleo jingine la DOS inaweza kuikataa. Kuna programu ndogo ya kukata, halafu niunganishe kwa COPY /B?