Tupeane uzoefu: kukagua kesi ya injini kabla ya kuifunga upya

Fundi_Nyakato: Wakuu, injini ya boda inaletwa inalia krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), mteja ana beringi na pistoni mpya mkononi, kesi, yaani ganda linaloibeba krenki, hakuna aliyeitazama. Tuanzie kwenye kiti cha beringi, yaani tundu la kesi inamokaa beringi. Osha kwa petroli, kausha, angalia ndani ya tundu. Alminiamu iliyofifia yenye alama za kiwandani haina tabu. Pakiwa panang'aa, au pana mikwaruzo inayozunguka, ringi ya nje ya beringi ilikuwa inazunguka ndani ya kesi. Jaribu na beringi mpya, kesi ikiwa ya baridi: ikiingia kwa kusukuma na vidole, kiti kimeliwa.

Kerezo_Igoma: Vidole vinatosha kukataa kesi, ila kuikubali kunataka kipimo. Beringi ya namba 6205 ina kipenyo cha nje cha mm 52, na ya 6304 vilevile. Kiti kiwe pungufu ya hapo kwa mm 0.02 hadi 0.05. Pima pande tatu, juu na chini ya tundu, maana mara nyingi kinaliwa upande mmoja kikawa na umbo la yai. Wakati wa kufunga, pasha kesi hadi nyuzi 100 hivi. Tundu la mm 52 linapanuka karibu mm 0.09 na beringi inadondoka yenyewe. Wanaogonga kwa nyundo kesi ikiwa ya baridi ndio wanaokwangua viti.

Buzuruga_Spea: Mkuu, na wanaopiga senta panchi (chuma chenye ncha kali) kuzunguka tundu ili libane?

Kerezo_Igoma: Beringi inashikwa na vinundu vichache tu. Vikisagika inalegea tena, na krenki inakuwa imeshahama senta. Kama pengo ni dogo, tumia gundi maalumu ya kushikia beringi (siyo silikoni), mafuta yakiwa yametolewa kabisa. Likizidi, kereza uweke bushi (pete ya chuma ya kujazia tundu), nusu zote mbili za kesi zikiwa zimefungwa pamoja wakati wa kutafuta senta.

Mwalo_Kirumba: Kwa mashine za mitumbwi za stroku mbili kuna jambo la ziada: hewa na petroli hupitia ndani ya kesi, kwa hiyo ikivuja injini inavuta hewa, mchanganyiko unapungukiwa petroli na pistoni inakwama. Usichanganye nusu za kesi mbili tofauti. Nusu za kesi moja zilikerezwa zikiwa pamoja. Angalia na tundu la pini inayozuia ringi ya beringi. Likiwa limerefuka, ringi imekuwa ikicheza. Baada ya kufunga, ziba njia zote, jaza hewa ya presha ya paundi 6 hadi 8 (psi), pakaa maji ya sabuni kwenye maungio na sili uone panapotoa povu. Ukizidisha hewa unang'oa sili bure.

Fundi_Nyakato: Nyufa nazo. Kwenye boda tazama nyuma ya sproketi ndogo, cheni ikikatika hujikunja hapo na kupasua kesi, halafu kwenye masikio ya kufungia injini. Pakaa chokaa nje, ikikauka mimina mafuta ya taa ndani. Ufa unachora mstari wenyewe.

Buzuruga_Spea: Na uso wa maungio?

Fundi_Nyakato: Rula ya chuma na fila (bati jembamba la kupimia pengo) ya mm 0.05. Ikipita chini ya rula, weka msasa laini juu ya kioo kinene, sugua kwa kuchora umbo la tarakimu 8. Bisibisi isiingie kabisa katikati ya nusu mbili! Mwisho puliza njia za oili kwa kompresa. Vipande vya silikoni ya zamani hukaa humo, na ndivyo vinavyonyima oili kamshafti (mhimili unaofungua valvu).